Krapf: Mipango ya Mja na Majaliwa ya Mola

Binadamu hupanga na Mungu hupangua. Ni usemi unaosikika kila mahali humu nchini, matangani na harusini, vyuoni na sokoni. Aghalabu husemwa mambo yanapokuwa yamekwisha kuharibika: mwanafunzi aliyetarajia kuwa tabibu anapopata alama zisizomfikisha chuo kikuu, mkulima anapopoteza mavuno kwa kiangazi, au familia inapompoteza mtu iliyemtegemea. Usemi huo hutumiwa kama leso ya kufutia machozi, kisha hukunjwa na kutiwa mfukoni hadi msiba mwingine utakapozuka. Ni nadra mtu kukaa chini na kujiuliza maana yake hasa. Ikiwa Mola ndiye mwenye kauli ya mwisho, mja ana haja gani ya kupanga? Na ikiwa mja ameamrishwa kufanya kazi, mbona kazi yake, hata ile aliyoifanya kwa jina la Mungu mwenyewe, wakati mwingine huporomoka mbele ya macho yake?

Maswali haya si mepesi, wala hayajibiki kwa nadharia tupu. Yafaa tuyapime kwa maisha ya mtu. Mtu ninayemkusudia ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani ambaye jina lake hukaririwa na kila mwanafunzi wa historia katika shule zetu. Hutajwa kuwa mmisionari wa Kiprotestanti aliyewatangulia wenzake kufika Mombasa, na Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuuona Mlima Kenya. Vitabu vya shule humsawiri kama mtu aliyefanikiwa. Lakini atakayeyachunguza maisha yake kwa makini atagundua jambo la kustaajabisha: takriban kila jambo kubwa alilolipanga liliharibika.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, hata akaugua kwa muda wa miezi sita. Ni katika kuugua huko alikozama katika kusoma Biblia. Baadaye dada yake alikwenda Tübingen kununua kalenda, akakutana na mjane wa kasisi, na mazungumzo yao yakamfungulia mdogo wake mlango wa shule. Huko shuleni kijana Krapf alitazama ramani ya Afrika, akashangaa kuona jinsi majina yalivyokuwa haba katika sehemu za mashariki ya bara hilo. Tamaa yake ya kwanza ilikuwa awe nahodha wa meli apate kuzuru nchi za mbali, lakini jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kugharimia mafunzo hayo. Huo ukawa mpango wake wa kwanza kupanguka.

Aligeukia umisheni, na mwaka 1827 akajiunga na chuo cha Basel, nchini Uswisi. Miaka miwili baadaye aliingiwa na shaka juu ya wito wake, akaondoka, akasomea theolojia Tübingen na kuhudumu kama kasisi msaidizi. Aliporejea katika nia yake ya awali, ilikusudiwa aende Smyrna, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Kabla hajasafiri, mmisionari mmoja aliyekuwa njiani kwenda Uhabeshi alifariki mjini Cairo. CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Kianglikana la Uingereza, kikamwomba Krapf aijaze nafasi ya marehemu. Hivyo ndivyo alivyoletwa Afrika: si kwa hesabu zake, bali kwa kifo cha mtu mwingine.

Alifika Adwa, kaskazini mwa Uhabeshi, mwishoni mwa mwaka 1837. Mwaka uliofuata alifukuzwa pamoja na wenzake. Hakukata tamaa. Mwaka 1839 aliingia katika ufalme wa Shoa uliotawaliwa na Sahle Selassie, akakaa huko takriban miaka mitatu. Ni huko alikopata wazo lililomtawala kwa muda mrefu wa maisha yake. Aliwaona Waoromo, ambao siku hizo waliitwa Wagalla, akaamini kwamba wakiipokea Injili, bara zima la Afrika litafunguka. Hakujiuliza sana kama hesabu hiyo ilikuwa yake au ya Mungu. Kwake yeye hesabu hizo mbili zilikuwa moja.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda Misri kumlaki mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyetoka Basel. Njiani alizuiliwa na mtawala mmoja wa Wawollo na kunyang'anywa mali yake, akafika pwani ya Bahari ya Shamu katika hali ya ombaomba. Baada ya kufunga ndoa, alijaribu kurudi Shoa pamoja na mkewe, akakuta njia imefungwa. Katika jangwa lililo karibu na pwani hiyo, mwaka 1843, Rosine alijifungua mtoto wao wa kwanza kabla ya wakati. Mtoto huyo hakuishi. Wazazi walimpa jina ambalo maana yake kwa Kiamhari ni chozi.

Mlango wa mbele ulipofungwa, Krapf aliamua kuzunguka nyumba. Aliwaza kwamba kama Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, basi atawafikia kutoka kusini, kwa kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Yafaa wanafunzi wetu walikumbuke jambo hili, kwani vitabu vingi hulipita kwa haraka. Mombasa haikuwa shabaha ya Krapf. Ilikuwa kichochoro tu cha kumfikisha alikokusudia kwenda. Mwanzoni mwa mwaka 1844 alifika Unguja, akapewa na Sultani Sayyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, na mwezi wa Mei akahamia Mombasa na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mja mzito.

Miezi miwili ilitosha kuvunja kila kitu. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikawashambulia mume na mke kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa hoi asiweze kumhudumia mwenzake. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine aliaga dunia, na baada ya siku mbili mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, katika sehemu za Nyali. Rosine mwenyewe ndiye aliyeomba azikwe huko, ili kaburi lake liwe ukumbusho kwa wapita njia. Krapf alibaki peke yake, mgonjwa, katika mji ambao hakuwa na jamaa hata mmoja, akiwa ameshazika mke na watoto wawili katika muda usiozidi miaka miwili ya ndoa.

Katika hali kama hiyo watu wengi wangefunga virago, na hakuna ambaye angewalaumu. Krapf alirudi kwenye meza yake ya kuandikia. Mnamo Juni mwaka uo huo alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwanachuoni wa Mombasa. Aliendelea na kazi hiyo, akikusanya maneno mmoja baada ya jingine, akisikiliza matamshi ya watu wa Mvita na kuyaandika kwa hati za Kirumi. Kwake Kiswahili kilikuwa chombo tu, kama mtumbwi wa kumvushia mtu ng'ambo. Hakudhani kwamba mtumbwi huo ndio utakaodumu.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Kwa idhini ya wazee wa Warabai walianzisha kituo cha misheni huko Rabai mwezi wa Agosti, wote wawili wakiwa wamedhoofishwa na homa. Waumini hawakumiminika. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu ambaye alipokea ubatizo akiwa karibu na kufa. Kwa mtu aliyeota ndoto ya kuligeuza bara zima, mavuno hayo yalikuwa haba mno.

Katika safari zao za bara ndipo walipoiona milima. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf naye, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba huko Kitui, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Habari zao za theluji karibu na ikweta zilidhihakiwa na baadhi ya wanajiografia wa Ulaya ambao hawakuwa wamekanyaga Afrika Mashariki. Wenyeji, bila shaka, waliijua milima hiyo tangu enzi za mababu zao.

Mpango mkubwa kuliko yote wa Krapf ulikuwa kuunganisha vituo vya misheni kama mnyororo kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka 1850 alikwenda Ulaya kuutetea mpango huo, ukakubaliwa, na mwaka 1851 akarejea na wasaidizi. Mnyororo ulikatika kabla ya pete ya pili. Miongoni mwa wasaidizi hao kuna aliyefariki, kuna aliyejitoa, na wengine wakashindwa na maradhi. Mwaka huo huo Krapf alisafiri tena Ukambani. Karibu na Mto Tana msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani peke yake, akila majani na mizizi, na akibeba maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa darubini yake, hadi alipofaulu kurudi Rabai. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka.

Hata baada ya hapo hakuacha kupanga. Alijaribu kurudi kwa kupitia Uhabeshi, akashindwa. Mwaka 1861 alikubali kuwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti, na juhudi hizo zikazaa kituo cha Ribe, lakini mwaka 1862 alirudi Ulaya. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Uingereza lililokwenda Uhabeshi, akiwa mkalimani, na afya ikamrudisha nyumbani tena. Miaka yake ya uzeeni aliishi Kornthal, karibu na Stuttgart, akifanya kazi ya lugha. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa tupige hesabu. Shoa ilimfungia mlango. Waoromo, ambao kwa ajili yao aliuzunguka upande mzima wa bara, hakuwafikia kwa namna aliyoikusudia. Mnyororo wa vituo haukuunganika maishani mwake. Kilichobaki ni kile alichokiona kuwa chombo tu. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka London mwaka 1882, yaani mwaka mmoja baada ya yeye kuzikwa, na hadi leo watafiti huirejelea wanapotafuta maneno ya kale ya Kimvita. Aidha, mwaka 1854 alipeleka miswada ya tenzi za kale katika maktaba ya Halle, Ujerumani, ukiwemo Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita baina ya jeshi la Mtume Muhammad na lile la Mfalme Herakali wa Warumi. Mmisionari aliyependelea hati za Kirumi kwa kuhofia kuenea kwa Uislamu, ndiye aliyesaidia kuhifadhi mojawapo ya hazina kongwe za fasihi ya Waislamu wa pwani. Nani angepanga jambo kama hilo?

Tena, hata urithi huo haukwenda kama alivyotaka. Krapf aliijenga kazi yake juu ya Kimvita. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nalo jina la mlima, aliloliandika kwa kuyafuata matamshi ya Wakamba, liligeuka mwaka 1920 kuwa jina la koloni, na mwaka 1963 likawa jina la taifa huru. Hakuna ithibati kwamba mambo hayo yalimpitikia akilini alipokuwa amesimama Kitui akitazama weupe wa kilele.

Katika hatua hii msomaji huenda akawa na haraka ya kutoa hukumu. Atasema kwamba kumbe Mungu aliivunja mipango ya Krapf, akamnyang'anya mke na watoto, ili Kiswahili kipate kamusi. Mimi ninaikataa hukumu hiyo. Marafiki wa Ayubu nao walijifanya kuyajua makusudi ya Mungu, wakaishia kumwongezea mgonjwa maumivu. Rosine hakuwa ngazi ya kupandia kitabu. Alikuwa mtu, mke na mama, na kifo chake ni msiba ambao hakuna kamusi inayoweza kuulipia fidia. Kumtumainia Mola hakumpi mja leseni ya kuyafasiri machozi ya wengine. Tunaloweza kusema kwa uaminifu ni kidogo zaidi ya hilo: kwamba msiba haukuwa na uwezo wa kuifisha kazi yote, na kwamba mja hajui ni sehemu gani ya kazi yake itakayobaki.

Kuna hatari ya pili, nayo ni kulifanya jina la Mungu kuwa muhuri wa mipango yetu. Krapf mwenyewe hakusalimika na hatari hiyo. Aliichora ramani ya Afrika kana kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kuitia sahihi, na mara nyingine aliwahukumu watu aliowakuta kwa mizani ya kwao Ulaya. Huko Shoa alijiingiza katika shughuli za ujumbe wa serikali ya Uingereza, akautumikia kama mkalimani. Habari za nchi zilizokusanywa na wasafiri wa aina yake zilisomwa baadaye na watu waliokuja na bendera na bunduki. Tukiuamini utawala wa Mungu, hatuna budi kuamini pia kwamba unaihukumu mipango ya wacha Mungu wenyewe.

Hatari ya tatu ndiyo inayotukabili sana sisi Waafrika Mashariki: uvivu uliovikwa kanzu ya imani. Kuna mwanafunzi asiyefungua kitabu, kisha akianguka husema ni majaliwa. Kuna mwalimu anayeingia darasani bila matayarisho, kisha akasema kwamba akili ni kipaji cha Mungu. Kuna kiongozi ambaye barabara ikiporomoka kwa sababu fedha zake ziliibwa, huwaambia wananchi wamwombe Mola. Huko si kumtumainia Mungu, bali ni kumsingizia. Krapf aliugua homa, akafiwa, akaporwa, akadhihakiwa, lakini hakutumia majaliwa kama mto wa kulalia. Kila mpango ulipovunjika, alishika kazi iliyokuwa karibu na mkono wake, akaifanya kwa bidii kana kwamba ndiyo aliyoletwa duniani kuifanya.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la maswali tuliyoanza nayo. Mja hupanga kwa sababu amepewa akili, na kutoitumia ni kukosa shukrani. Mja huuweka mpango wake mikononi mwa Mola kwa sababu hakupewa kuona mwisho wa mambo. Mambo haya mawili hayapingani. Mkulima hulima, hupanda na kupalilia, na bado mvua si yake. Asiyelima hana haki ya kuilalamikia mvua, na aliyelima hana haki ya kuidai kama deni.

Rebmann naye anatufundisha kwa namna nyingine. Ilhali Krapf alipenda mbio za kuvuka bara, Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akipofuka macho kidogo kidogo, akiwa na waumini wachache sana. Aliondoka akiwa kipofu na kufariki Kornthal mwaka 1876. Wakati uo huo Rabai na Frere Town, kituo kilichoanzishwa karibu na Mombasa baada ya mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, vilianza kuwa makimbilio ya mamia ya watu waliokombolewa utumwani. Yule aliyekaa na yule aliyesafiri, wote wawili walifungua shamba ambalo wengine ndio waliolivuna.

Walimu wetu wanaijua hali hii kuliko watu wengine wote. Mwalimu hupanda kwa mtoto wa darasa la kwanza, na pengine hatamwona tena baada ya miaka minane. Hajui ni yupi kati ya wale hamsini atakayelikumbuka neno lake, wala ni neno gani. Huenda somo aliloliandaa kwa mbwembwe likasahaulika, na sentensi aliyoitamka kwa kupitisha wakati ikamwokoa mtu. Hilo lisimfanye adharau matayarisho. Limfanye aitunze kila sentensi.

Nanyi wanafunzi, siku ya matokeo ya mtihani itakapofika, baadhi yenu mtafurahi na baadhi yenu mtalia. Msiwakubali wanaowaambia kwamba Mungu amewakataa, kwa kuwa hawakutumwa kusema hivyo. Wala msijidanganye kwamba alama zilizopotea kwa uzembe zimepotezwa na mbingu. Jipimeni kwa haki, kubalini lililo kosa lenu, kisha tazameni ni kazi gani iliyo karibu na mikono yenu: ufundi, biashara ndogo, kilimo, kurudia masomo, au kumsaidia mzazi nyumbani. Ifanyeni vizuri. Vilevile aliyefaulu asijivune kwamba njia yake imenyooka hadi mwisho, kwani naye bado hajafika kwenye kona.

Kaburi la Nyali lingalipo, na Kiswahili alichokiandika yule mjane akiwa na homa sasa ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya mwaka 2010, pia ni lugha rasmi ya Kenya. Krapf hakuyaona hayo. Alifanya kazi ya siku yake, akapiga magoti, na hesabu akamwachia Mwenye hesabu.